Tuo la Upepo

Mama Redio anasema alikuwa anaanika shuka la pili, lile lenye maua ya zambarau, alipomwona. Jirani huyu anaitwa Mama Redio kwa sababu taarifa zake hazikatiki hata umeme ukikatika, na kila anachosimulia hukianzia kwenye kile alichokuwa nacho mikononi. Basi, kibanio kimoja mkononi, kingine mdomoni, akatupa macho ng'ambo ya barabara ya mchanga, kupitia nondo za geti la Bwana Vioo, akaona mtu mweupe pee amesimama mbele ya ukuta wa upande wa bahari, mwiko wa kujengea mkononi. Hakuwa amevaa nguo nyeupe. Mwenyewe ndiye aliyekuwa mweupe, toka kofia mpaka viatu, na jua lilipomgusa bega likametameta.

"Nikamwambia, habari za asubuhi, fundi," anasema Mama Redio. "Akaniitikia kwa kichwa."

Hapo ndipo watu walipobishana. Wengine walisema mtu wa chumvi hawezi kutikisa kichwa bila kumwagika shingo. Wengine walisema mwashi yule aliyeujenga ukuta ule, hata enzi zake, hakuwa mtu wa salamu akiwa na kazi mkononi, kwa hiyo Mama Redio anajipendekeza tu. Kuhusu kuwepo kwake hakuna aliyebisha. Viatu vyake walikuwa wameanza kuviona tangu wiki iliyopita.

Bustani ile ilitengenezwa na binti wa mwashi huyo huyo. Mtaani wanamwita Fundi Bustani. Shule aliishia darasa la saba, na mengine aliyajifunza akiwa pembeni ya baba yake: baba akijenga, yeye alipanda miguuni mwa kile kilichojengwa. Nyumba za ufukweni zilimjua. Ukimwita, siku ya kwanza hapandi hata jani. Anachomeka vijiti arobaini kotekote kiwanjani, anavifunga vitambaa vyekundu, anageuza ndoo, anaikalia. Anakaa hivyo mpaka jua linazama, akitazama kitambaa kipi kinalala, kipi kinacheza, kipi kinapigwa mpaka kinachanika. Siku ya pili anazunguka akilamba majani, ili ulimi umwambie chumvi inafika wapi na inachoka wapi. Bwana Vioo alipomkuta asubuhi analamba jani la ua lake alimwuliza kama hajapata kifungua kinywa.

"Nimepata, mzee. Hapa naonja tu."

Bwana Vioo alipewa jina hilo kwa sababu ya madirisha yake, yanayoanzia sakafuni na kuishia darini, yote yakitazama bahari. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na kikombe hakikumtoka mkononi. Alikuwa amepanda bustani mara tatu, na mara tatu majani yalikauka yakawa ya kahawia na kujikunja pembeni kama yamepigwa pasi ya moto. Mara ya nne ndipo alipotafuta mtu anayeijua pwani.

Siku ya tatu Fundi Bustani alisimama kutoka kwenye ndoo.

"Ukuta wako ndio unaokuulia maua, mzee."

"Ukuta? Nimeujenga uzuie upepo."

"Upepo hauzuiliki. Ukikutana na ukuta mzima unaruka juu, halafu unaangukia huku ndani na hasira zake zote. Ona vitambaa vya hapa karibu na ukuta, vimechanika kuliko vya kule mbali." Akamwonyesha. "Ukiachiwa matundu, nusu inapita, nusu inabaki huko huko. Ile inayopita inapunguza mwendo. Na ikipunguza mwendo inatua mzigo."

"Mzigo gani?"

"Chumvi, na chochote kingine ilichobeba. Upepo nao ni mchukuzi, mzee. Usipompa mahali pa kutua, atakutupia popote, au atazunguka nao tu."

Bwana Vioo akanywa chai funda moja. "Kuna mtu aliwahi kuniambia hivyo hivyo."

"Nani?"

Akatazama ndani ya kikombe. "Mafundi wengi wamepita hapa."

Fundi Bustani alimjua huyo mmoja. Miaka mitatu nyuma, siku ya Jumatano, baba yake alikunywa chai amesimama wima huku akifunga kamba za viatu. Alisema kwamba juu ya ukuta wa yule bosi wa madirisha alikuwa ameacha mstari wa matundu kumi na mawili ili ukuta upumue, lakini bosi anataka yazibwe leo hii, maana Jumamosi ana wageni na anaona ukuta wenye matundu unaonekana haujaisha. Mama akamwambia leo upepo mkali, mwambie kesho. Baba akasema amekwisha kumwambia. Akachukua mwiko wake na kile kijiko cha zamani ambacho mpini wake alikuwa akiutumia kulainishia maungio ya matofali. Akatoka.

Hakurudi. Jioni mama alikwenda mpaka getini, na Bwana Vioo akatoka na kikombe chake, akasema kwa upole, "Leo fundi hakuja kazini."

Ilikuwa sentensi moja, wala hakuipandishia sauti. Lakini ilitembea mitaani miaka mitatu bila kuchoka. Kwa kuwa mwashi hakufika kazini, na nyumbani hakurudi, basi alikwenda kwingine, na watu wakamtafutia huko kwingine. Wakampatia mji mwingine na mwanamke mwenye saluni. Meno ya mwanya mwanamke huyo alipewa na Mama Redio mwenyewe. Hakuna aliyekuja kumpa mama pole, kwa sababu mke wa aliyetoroka hapewi pole, anapewa macho. Akipita sokoni wanawake wanashusha sauti, akishapita wanaipandisha. Shati la pili la baba lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama hakuweza kumpa mtu lile shati, na hakuweza kulilia.

Binti alipoitwa na nyumba ile aliikubali kazi kwa sababu alitaka kuangalia. Kuangalia ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote.

Bwana Vioo aliruhusu matundu yafunguliwe. Alichomkatalia baba kwa ajili ya wageni, alimkubalia binti kwa ajili ya maua. Fundi Bustani akapanda ngazi na nyundo na tindo. Kabla ya kugonga, alipitisha vidole kwenye maungio, mstari kwa mstari, kuanzia chini. Mwashi yule alikuwa na tabia yake. Kila siku akimaliza kazi, kwenye saruji mbichi ya tofali la mwisho alikandamiza dole gumba. Alisema anafunga siku. Binti akahesabu alama kumi na tisa za dole gumba lenye kovu la nyundo lililopinda. Siku kumi na tisa, zote zimefungwa.

Mstari wa juu ulikuwa na matundu kumi na moja yaliyozibwa vizuri, maungio yamelainishwa kwa mpini wa kijiko. Tundu la kumi na mbili lilikuwa limezibwa nusu kwa mkono ule ule, na nusu nyingine kwa mkono wa mtu aliyekuwa na haraka. Alama ya dole haikuwepo. Nje ya hapo, upande wa pili, ukuta ulishuka mrefu mpaka kwenye miamba, na bahari ilikuwa inapanda na kushuka juu yake.

Siku ile ilifunguliwa, haikufungwa.

Fundi Bustani akaanza kugonga, tofali moja baada ya jingine, mpaka matundu yote kumi na mawili yakawa wazi na upepo ukaanza kupita humo ukiwa mnyonge, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu.

Jioni alimkuta mama yake anasugua sufuria nje ya mlango. Akamweleza. Mama akaacha kusugua.

"Kwa hiyo alikwenda."

"Alikwenda, mama."

"Akafika tundu la kumi na mbili."

"Nusu yake."

Mama akaisuuza sufuria, akamwaga maji, akaifudikiza juu ya kichanja. "Panda vizuri," akasema.

Akapanda vizuri. Mbele kabisa, karibu na matundu, aliweka mivinje, miche midogo ya kimo cha goti, kwa sababu mche mdogo hukua unaujua upepo, na mkubwa ukiletwa hapo huja na kiburi chake ukavunjika. Nyuma ya mivinje akaweka mikadi, yenye majani marefu ya miiba, ambayo haiogopi kupigwa. Nyuma yake vichaka vya majani mazito yenye manyoya, ya kunasa chumvi kabla haijafika ndani. Kisha mishubiri, na chini yao mitambaazi ya ufukweni ya kushika mchanga. Njia ya kutoka getini kwenda kwenye kijimlango cha ukutani cha kushukia baharini aliipinda mara mbili, maana njia iliyonyooka upepo unaifanya barabara yake. Kila asubuhi alipita na mpira wa maji baridi akiosha majani, chini na juu, kama anaosha uso wa mtoto.

Miti ilikua kwa kasi ambayo hata yeye hakuitegemea. Kufikia mwezi wa sita tangu apande, mivinje ilikuwa imempita kimo. Katikati ya yote, hatua moja tu kutoka ukutani, usawa wa tundu la kumi na mbili, palikuwa na mahali ambapo vitambaa vyekundu vililala. Mafundi wa bustani za pwani hupaita tuo. Hapo ndipo unapoweka benchi, na hapo ndipo ua laini linapoweza kufungua macho. Akaweka benchi la mbao na mche mmoja wa asmini.

Siku moja asubuhi, baada ya upepo wa siku mbili mfululizo, aliingia na mpira wake akaona viatu. Vilikuwa kati ya benchi na ukuta, viwili, vya chumvi tupu, vimesimama hewani kwa kimo cha kiuno chake. Havikuwa vimeegemea kitu. Siku ile ya Jumatano pale palikuwa na jukwaa la mbao, na miguu ya fundi huwa juu ya jukwaa. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja. Fundi Bustani alikijua kisigino kile, maana yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kukipeleka kwa fundi viatu.

Akapunguza maji. Akaosha majani ya mbali kidogo, na pale akapita taratibu asije akavirushia maji.

Jua lilipopanda vilimwagika. Akaifagia ile chumvi, akaiweka kwenye mtungi, akaufunika. Upepo uliofuata ulileta viatu na suruali mpaka magotini. Uliofuata tena ulileta mpaka mkanda, na kijiko kimechomekwa mfukoni. Watu wa ng'ambo ya barabara wakawa wanapita asubuhi kutazama amefika wapi, kama watu wanaotazama nyumba inavyopandishwa. Hakuna aliyeona ajabu kwamba upepo ulikuwa umezunguka naye miaka mitatu. Walichojiuliza ni vipi mtu mzito kama yule hakupata mtu wa kumpokelea mzigo mapema zaidi.

Ndipo ikaja asubuhi ya shuka la zambarau, na kichwa na kofia na mwiko vikawa vimefika.

Bwana Vioo alitoka na kikombe. Akazunguka mara mbili chini ya viatu vyeupe, shingo imeinuka.

"Hiki nacho ni sehemu ya bustani?"

"Kimeletwa na upepo, mzee."

"Chumvi yote hii haitaua majani?"

"Majani haya yanastahimili."

Akatazama tena, muda mrefu. Mkono wa mtu wa chumvi ulikuwa unakwenda polepole sana, kama kivuli kinavyokwenda: mwiko unachota, unafika ukutani, unapaka, unarudi. Kila pumzi ya upepo iliyopita kwenye matundu iliusogeza kidogo. Ndani ya tuo palikuwa kimya hata punje zilizokuwa zikidondoka kutoka kwenye mwiko zilisikika zikigusa majani.

"Ni kizuri," Bwana Vioo akasema, na sauti yake ilishuka bila yeye kutaka. "Hakiwezi kugeuzwa kidogo, kikatazama sebuleni?"

"Hapana, mzee. Yuko kazini."

Bwana Vioo akanywa chai.

Mama alifika kabla ya saa mbili. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, na mikononi alishika bakuli la bati lenye saruji mbichi, aliyoichanganya mwenyewe nyumbani, laini, bila donge. Nyuma yake getini walisimama watu kiasi cha ishirini, Mama Redio mbele yao na vibanio bado vimembana ukosi wa blauzi. Hakuna aliyesukumana. Mtu mmoja alivua kofia.

Mama alitembea kwenye njia iliyopinda mara mbili mpaka kwenye benchi. Akapanda juu ya benchi, akawa sawa na kifua cha mtu wa chumvi.

"Baba watoto," akasema. "Umechelewa."

Mwiko ukasimama.

"Chai yako nilimwaga. Ilikuwa imepoa." Akamtazama kofia, akamtazama shingo, akanyoosha mkono amfute begani, akauzuia njiani asije akamharibu. "Mtoto amekua. Huyo hapo chini. Bustani ni yake."

"Shikamoo, baba," Fundi Bustani akasema.

Kichwa kikainama. Hili waliliona wote ishirini, na Mama Redio akasema, "Si niliwaambia?" lakini kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, ndogo, ya mtu aliyeishiwa taarifa.

Kisha mama akachota saruji kwa vidole, akaipaka kwenye ukingo wa tundu la kumi na mbili, lile aliloliacha nusu. Akailainisha. Akasogea pembeni.

Mtu wa chumvi aliweka mwiko wake juu ya ukuta. Ilimchukua muda, na hakuna aliyeharakisha. Upepo ulipita kwenye matundu kumi na moja ukaliacha lile moja. Mkono mweupe ukanyooka, dole gumba likashuka juu ya saruji, likakandamiza, likatulia hapo kwa kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Lilipoinuka, alama ilikuwa imebaki, na ndani yake kovu la nyundo, limepinda kushoto kama lilivyopinda siku zote. Jua likaingia ndani ya alama ile na kuijaza.

Mwanamke mmoja getini alianza kulia bila sauti. Mama Redio akamshika mkono, akasema, "Yule wa saluni hayupo. Na mwanya nilimwongezea mimi." Wakaingia getini mmoja mmoja bila kukaribishwa, wakampa mama mkono, wakamwambia pole. Zilikuwa pole za miaka mitatu, na alizipokea zote amesimama juu ya benchi.

Ila pole haikuifuta ile sentensi. Iliyosemwa pale getini ilikuwa imesemwa na mwenye geti, na karatasi za serikali zilizofuata ziliandikwa kwa kuifuata. Mpaka leo palipoandikwa jina la mwashi pameandikwa kwamba aliiacha familia yake. Mama alishuka kwenye benchi, akamwendea Bwana Vioo.

"Mzee," akasema, "ukuta umeuona. Dole umeliona."

"Nimeona," Bwana Vioo akasema. "Ni jambo kubwa. Sijawahi kuona bustani kama hii. Hata ule upande wa jikoni nataka binti yako anitengenezee." Akamgeukia Fundi Bustani. "Unaweza kuanza lini?"

Fundi Bustani alikuwa anamtazama mama yake.

"Sikuombi kitu kingine," mama akasema. "Siombi uniambie alianguka vipi, wala nani alimalizia lile tundu. Sema tu, mbele ya hawa watu, kwamba siku ile alikuja kazini."

Bwana Vioo akamtazama mtu wa chumvi, ambaye sasa alikuwa ameanza kumwagika mabegani kwa joto la jua, taratibu, bila kulalamika. Akautazama ukuta. Akatazama ndani ya kikombe, ambamo hamkuwa na chai tena.

Nje ya ukuta bahari ilikuwa inanguruma, na upepo ulikuwa mkali kama wa Jumatano ile. Fundi Bustani alivikagua vitambaa vyake arobaini kimoja kimoja, kama anavyofanya siku ya kukabidhi kazi. Vile vya kwenye tuo vilikuwa vimelala kwenye vijiti vyake, hakuna kilichotikisika hata ncha. Kazi ilikuwa imekamilika. Kila neno la mama lilikuwa limefika zima, na hapakuwa na upepo wa kusingizia kwamba umelichukua.

Mama akakaa kwenye benchi, chini ya viatu vyeupe, bakuli mapajani, akangoja.